Video ya matanga iliyonitia tumbo joto: majina yanachelewa, marehemu ana haraka

Wakuu, poleni na majukumu.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu. Leo naushusha kama ulivyo, bila chumvi, maana kosa lilipita mikononi mwangu na sina haja ya kulipaka rangi. Wanaoedit video watanielewa upesi. Wasioedit msikimbie, nitaeleza pole pole kama ninavyomweleza shangazi yangu.

Mimi ni Mkenya, mwanamke, mtu wa Bungoma. Nimefanya kazi Kampala zile enzi za DVD, pale Nakivubo, kwenye duka moja ghorofa ya kwanza. Chini yetu wauza nguo wamefungulia spika kutoka asubuhi, so ukitaka kusikia sauti ya video lazima uvae headphone halafu uikandamize na mikono miwili kama mtu anayeumwa na kichwa.

Mwenye duka tulimwita Ssalongo, yaani baba wa mapacha. Kampala ukizaa mapacha jina lako la zamani linapumzika. Ssalongo alikuwa VJ. Kwa wasiojua, VJ ni yule anayechukua filamu ya kigeni na kuongea juu yake kwa Kiluganda: anatafsiri, anachekesha, anamtukana adui kwa niaba yako. Filamu ndizo zilizolilisha duka. Harusi na mazishi zilikuwa kazi yangu.

Sasa, siku ya Jumatano akaingia Maman Sifa.

Maman Sifa ni Mkongomani wa upande wa Bukavu, anauza sombe pale Kalerwe, yale majani ya muhogo ya kutwanga. Nilikuwa namjua. Mimi ndiye niliyeedit harusi ya binti yake wa mwisho, Neema. Wiki tatu baada ya harusi ile, mume wake, Papa Sifa, akafariki.

Alikaa kwenye kiti, akafungua kitambaa, akatoa picha tano za passport za watoto wake. Matanga yanamalizwa Jumamosi mchana, kwa Sifa, mtoto wake mkubwa, kule Luzira. Ndugu wanakuja, mmoja anatoka mpaka Nairobi. Anataka video fupi ya kuonyesha pale.

Video gani? Baraka.

Wakuu, nieleze hii vizuri maana kila kitu kinasimama hapa. Siku ya harusi, Papa Sifa aliweka mkono juu ya kichwa cha Neema akabariki watoto wake wote kwa majina, kuanzia wa kwanza: Sifa, Bahati, Espérance, Josué, Amani, Neema. Kila mtoto na neno lake. Alikuwa mzee wa kuongea taratibu sana. Anasema jina, anapumua, anatafuta neno, analipata, anapumua tena.

Amani hayupo. Alikufa njiani wakati wanakimbia vita, wakamzika kando ya barabara. Lakini baba yake hakumruka. Alipofika kwa Amani aliangalia juu, akasema jina lake, akanyamaza, ndipo akarudi kwa Neema.

Maman Sifa akaniambia: "Kila mutoto, jina yake na picha yake vitoke pale baba yake anamwita. Kwa Amani usiandike kitu. Weka tu mushumaa."

Nikasema sawa, Maman, hiyo ni kazi ndogo.

Hiyo "kazi ndogo" nitaijutia mpaka nizeeke.

Akaongeza kitu kimoja akiwa mlangoni. Kwamba hiyo ndiyo sauti pekee ya mume wake iliyobaki. Hakuna simu iliyomrekodi, hakuna kaseti. Cameraman alishafuta kadi yake kitambo. Original ilikuwa kwenye hard disk moja ya duka letu, ile ambayo ikiwaka inalia tik tik tik. Kuanzia hapo kila nikisikia tik mimi nashika kifua.

Haya, kazi.

Pale dukani hatukuwa tunaanza project kutoka zero. Tulikuwa na template ya Ssalongo, yaani kiunzi kilichokwisha pangwa. Logo ya duka iko tayari, mwandiko wa titles uko tayari, kila kitu. Wewe unaedit video yako kwenye timeline ya ndani, yaani ule mstari wa muda, halafu unaiingiza nzima kwenye timeline ya nje ya template, kama yai linavyokunjwa ndani ya chapati, ile Kampala wanayoiita rolex. Majina na effects unaziweka juu ya chapati, huko nje.

Kompyuta yetu nayo ilikuwa mzee. Ukicheza video yenye effects kwenye timeline ya nje inakwamakwama, huoni kitu mpaka urender, yaani kompyuta iipike video yote kwanza. Kwa hiyo tulikuwa tunafanya kazi kwa daftari. Nasikiliza timeline ya ndani, naandika: Sifa sekunde ya 25, Bahati dakika 1, hivyo hivyo mpaka Amani dakika 3 na sekunde 5. Halafu nahamia nje, napanda kila effect kwenye muda wake. Picha inaingia na kuzunguka kidogo, jina linawaka herufi moja moja, mshumaa unatokea pole pole na moto wake unacheza. Nilijiona fundi kwelikweli.

Render. Nikachoma DVD. Alhamisi Maman Sifa akaja kuona.

Sifa: jina likachelewa kidogo, kama sekunde moja. Nikajisemea haidhuru.

Bahati: likachelewa zaidi.

Espérance: baba ameshamtaja, ameshaanza kumwombea, ndio picha inaingia.

Josué: nikaanza kutokwa na jasho jembamba.

Amani: baba anaangalia juu, anasema jina, ananyamaza. Skrini tupu. Hakuna mshumaa. Baba anarudisha macho chini kwa Neema, mkono bado uko kichwani kwake, anasema "Neema", na hapo hapo mshumaa ukawaka. Juu ya uso wa Neema. Bibi harusi, ana gauni jeupe, na mshumaa wa marehemu unacheza mbele ya macho yake.

Maman Sifa alisimama. "Yesu wangu!" Akashika meza. "Zima. Zima, mwana wangu, zima."

Neema alikuwa mjamzito, wakuu. Sikujua mpaka siku hiyo. Mama yake aliniambia akiwa bado amesimama kwamba kama kitu hiki kingeonekana Luzira mbele ya ndugu, ile mimba isingekuwa na amani tena mpaka kuzaliwa, kila homa wangesema ni ule mshumaa.

Niliomba msamaha mpaka maneno yakaisha. Nikamwambia arudi Ijumaa saa tisa, atakuta imenyooka.

Alipotoka, mimi nikaanza kutafuta mchawi.

Kwanza nilimlaumu cameraman, kwamba alipiga kwa frame rate tofauti, yaani picha ngapi kwa sekunde. Nikakagua. Sawasawa. Nikailaumu programu, nikaifunga nikaifungua. Nikabadilisha ile animation ya picha kuzunguka, pengine inaanza kwa kuvuta. Wapi. Nikapima kwa daftari upya: Sifa 25, Bahati dakika 1, Amani 3 na 5. Namba zile zile. Nje nimeziweka kwenye namba zile zile. Lakini nikirender zinachelewa, na kila linalofuata linachelewa kuliko lililotangulia.

Ssalongo, ambaye kila mwanamke humwita nnyabo, yaani mama, alikuwa anapita na chai yake. "Nnyabo, weye nasumbua mashine bule. Mashine iko sawa. Sogeza tu majina kwa macho, mama ya watu atafulahi."

Na mimi, kwa uoga wa Ijumaa saa tisa, nikafanya hivyo hivyo. Narender kipande, naangalia, navuta jina nyuma, narender tena. Siku nzima. Umeme ukakatika mara mbili. Kila ukirudi nasikiliza kwanza ile hard disk kama inaamka. Tik tik tik. Asante Mungu.

Najua kuna mtu hapa ameshaanza kuandika "haraka haraka haina baraka". Tulia, ndugu. Methali yako inakuja.

Ijumaa saa tisa Maman Sifa akaja. Nikacheza.

Safari hii kila jina likatua mahali pake. Amani, baba anaangalia juu, mshumaa ukawaka wakati ule ule, ukazima kabla hajarudi kwa Neema.

Lakini Maman Sifa alikuwa bado anaitazama skrini iliyozima.

Nikamuuliza kama kuna shida. Akasema hapana, iko muzuri, aksanti. Akaanza kukunja kitambaa chake. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo sana:

"Anaharakisha. Bwana yangu hakuongeaka hivi. Na sauti iko juu kidogo."

Kisha akajicheka, akapunga mkono. "Wacha, mwana wangu. Ni mimi. Hata ile DVD ya arusi ninaiangaliaka kila siku na ninaona mutu mwenye haraka. Labda nimeanza kumusahau."

Akaaga. Tukakubaliana niichome nakala safi nimpelekee mwenyewe Luzira kesho kabla ya saa saba.

Ssalongo akasema tumpe hiyo hiyo. Mjane, bambi, maskini, masikio yake yamechoka na kulia. Na mimi nilitaka kukubali, nisidanganye. Majina yamekaa, mshumaa umekaa, mteja amesema aksanti. Lakini lile neno halikuniacha. Mtu ameishi na mume wake miaka yote hiyo, halafu anakaa dukani kwangu anajishuku kwamba anamsahau, na mimi nimeshika headphone.

Nikarudia video. Nikaangalia mikono, nikaangalia mdomo. Sikuona kitu. Macho yangu yalikuwa yameizoea.

Halafu nikaona saa.

Nyuma ya Papa Sifa, ukutani mwa ule ukumbi, kulikuwa na saa ya mviringo. Nilishaiona mara mia nikaipuuza. Ilikuwa na mshale wa sekunde.

Nikachukua simu yangu, nikafungua stopwatch. Mshale ulipofika kumi na mbili nikabonyeza. Ukazunguka, ukarudi kumi na mbili, nikabonyeza tena.

Sekunde hamsini na saba na kitu.

Nikarudia. Hamsini na saba na kitu. Nikaenda kwenye timeline ya ndani, video ile ile, saa ile ile. Sitini kamili.

Wakuu, sikilizeni. Ndani dakika ni dakika, nje dakika imeibiwa.

Nikashika ile chapati, yaani video nzima iliyokunjwa kwenye timeline ya nje, nikabonyeza upande wa kulia, nikafungua speed. Pale ninapotegemea kuona asilimia mia moja pameandikwa mia moja na nne.

Sikuiweka mimi. Nikamwita Ssalongo. Nilimwita kwa sauti ambayo haifai kumwita mwajiri.

Akainama, akaangalia, akacheka! "Aaa, hiyo? Hiyo ni ya firamu! Zamani firamu ndefu ilikuwa nakataa kuingia kwa CD, naisukuma ikimbie kidogo, naingia. Na watu napenda ikienda mbio. Niliweka kwa template kitambo sana. Mutu ya Kampala hajalalamika hata siku moja."

Miaka. Template ilikuwa na miaka. Filamu zote, sawa, adui afe upesi. Lakini na mimi nilikuwa napitisha humo humo harusi za watu, mazishi ya watu, wazee wakitoa nasaha. Kila mtu niliyewahi kumweka kwenye DVD alitoka anatembea haraka kuliko alivyotembea. Na ile DVD ya harusi ya Neema, anayoiangalia Maman Sifa kila siku, ilipita pale pale.

Nikairudisha mia moja.

Bila shaka mnajua kilichofuata. Majina yote niliyoyavuta kwa macho siku nzima yakawa sasa yanawahi. Mshumaa wa Amani ukawa unawaka kwa Josué! Josué yuko hai, anatoka Nairobi na basi, yuko njiani.

Jumamosi asubuhi nilikuwa dukani kabla ya wauza nguo. Daftari langu la kwanza lilikuwa bado lipo, ila ile karatasi ilikuwa imelowa chai. Nikasoma: Sifa 25. Bahati dakika 1. Nikapanda upya, moja moja. Render ikafika sabini, umeme ukaenda.

Niliketi pale chini nikalia. Sioni aibu kusema.

Ssalongo aliniona. Alitoka, akaongea na jirani mwenye jenereta, akavuta waya mwenyewe kupitia dirishani, tumbo lake kubwa limebanwa kwenye chuma. Render ikaanza tena kutoka moja. Nikachoma mbili: ya baraka, na harusi yote upya kwa mia moja. Saa sita na nusu nikapanda boda kwenda Luzira, DVD ziko kifuani ndani ya sweta. Yule kijana wa boda akataka kuongeza mwendo, nikamwambia ssebo, bwana wangu, mpole mpole, leo sitaki chochote cha haraka.

Kwa Sifa watu walishajaa uani, viti vimepangwa, masufuria yanatoa moshi. Maman Sifa aliniona sura akajua kuna jambo. Akanivuta chumbani, yeye na Neema, akafunga mlango. Akasema tuone sisi kwanza.

Kwa mara ya kwanza sikuangalia skrini. Nilimwangalia yeye.

Papa Sifa akaanza. "Sifa..." Akapumua. Na Maman Sifa akapumua naye. Nyie, sijui kama mtanielewa. Mama yule alipumua pale pale mume wake alipopumua, bila kujua anafanya. "Bahati..." Akapumua. Naye akapumua. Hivyo hivyo mpaka Amani, mshumaa ukawaka, ukazima, tukafika kwa Neema na picha yake ikaingia ikicheka, hakuna kilichomgusa.

Neema alikuwa analia. Mama yake hakuwa analia. Alikuwa amegeuka ananiangalia kwa mshangao.

"Ni yeye," akasema. "Ile ingine ilikuwa nini?"

Nikamweleza. Template, filamu, mia na nne. Nikamwambia hata DVD ya harusi ilikuwa hivyo hivyo, nimemletea nyingine, na kwamba ni sisi tulioharibu. Nilitarajia anifokee, na ningekubali.

Akashika kifua, akakaa kitandani taratibu.

"Basi sikukuwa ninamusahau," akasema. Akamgeukia Neema. "Unasikia? Sikukuwa ninamusahau."

Ndio hapo alipolia.

Uani walionyesha baadaye. Mimi nilikuwa jikoni na wamama, nimepewa sahani ya sombe na ugali, sikumbuki hata ladha yake.

Jumatatu nikafika dukani nikakuta Ssalongo amewahi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Template ameshaifuta. Mezani kwangu kulikuwa na DVD moja kuukuu, kasha limepasuka. Hakukaa, alisimama tu anaangalia mlango. Akasema ni ya siku ya mwisho mama yake kuja kanisani, aliitengeneza mwenyewe, zamani.

"Nnyabo," akasema, "original iko kwa ile hard disk. Nisaidie nimusikie."

Sasa nilichojifunza. Majina ama effects zikichelewa zote kwa kipimo kimoja, umeziweka vibaya, zisogeze basi. Lakini zikianza vizuri halafu zinazidi kuchelewa kidogo kidogo, acha kusogeza! Hiyo ni speed, nenda ukaitafute mahali ilipojificha, na aghalabu imejificha ndani ya kitu ulichorithi bila kukikagua. Template ya mtu mwingine ifungue yote kabla hujaweka cha mteja. Na mteja wa kawaida, asiyejua keyframe ni nini, akikwambia "huyu si yeye", usimpe pole. Mpe stopwatch.

Wekeni nakala za hard disk pia, jamani. Tik tik ile ilinizeesha.

Wakuu, semeni na nyie yaliyowakuta, hasa mliofanya kazi kwenye maduka ya VJ. Na kama una video ya mzazi aliyeondoka na siku zote umehisi kuna kitu hakijakaa sawa lakini ukajilaumu mwenyewe, tafuta saa yoyote nyuma yake, ama mtu anayepiga makofi, ukapime. Ukikwama niandikie hapa hapa chini, nitakaa na wewe mpaka tuipate.